SOMO: Kadi ya kunasa video (ile inayoingiza picha ya kamera au deki kwenye kompyuta) imegoma baada ya kuhamia Windows 11. Soma hapa kabla ya kunipigia

Tangu Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, simu yangu haipumziki. Leo ni mpiga video wa harusi kutoka Masaka, kesho kijana wa kanisani Ntinda anayerusha ibada mubashara, keshokutwa mzee wa Bombo mwenye kanda za VHS za ukoo mzima. Wote swali moja: "Kaka, nimehamia Windows 11, kadi haionekani tena, ninunue ipi?"

Usinunue. Kadi nyingi zinazotupwa siku hizi ni nzima kabisa. Zimenyimwa ruhusa tu, au zimenyang'anywa dereva yake, ile programu ndogo inayoiunganisha na Windows, na mwenye kadi anakimbilia soko la Kikuubo, Kampala, kununua nyingine yenye chipu ile ile ndani ya ganda jipya. Anarudi nyumbani, mambo yale yale.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka moja halafu ukaniuliza, nitajua.

HATUA YA 1. Washa upya kwa "Restart", si "Shut down". Ile ya pili kwenye Windows haizimi kila kitu.

HATUA YA 2. Chomeka kadi moja kwa moja kwenye kompyuta. Kile kigawanyio cha USB cha matundu manne kiweke kando kwanza. Kadi zinazodai USB 3.0, kama Elgato HD60 S, hazifanyi kazi kwenye tundu la USB 2.0, kwa hiyo tafuta tundu la bluu au lenye alama ya SS.

HATUA YA 3. Ruhusa. Nenda Settings, kisha Privacy & security, kisha Camera. Washa swichi ya juu kabisa (Camera access), ile ya programu za kawaida (Let apps access your camera), na ile iliyojificha chini: "Let desktop apps access your camera". OBS, programu ya kurekodi na kurusha video tunayotumia wengi, iko kwenye kundi hilo la mwisho. Ukimaliza, rudi ufanye vivyo hivyo kwenye Microphone, maana Windows inaihesabu kadi yako kuwa kamera na sauti yake kuwa maikrofoni. Wanaosema "picha ipo ila sauti hakuna" huwa wamesahau huku.

HATUA YA 4. Jua chipu iliyo ndani. Jina la kwenye boksi halikusaidii kitu. Fungua Device Manager, itafute kadi yako (itakuwa chini ya Cameras, au Sound, video and game controllers, au Other devices ikiwa na alama ya njano). Bofya kulia, Properties, kichupo cha Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama USB\VID_534D&PID_2109. Hicho ndicho kitambulisho chake.

Zile ninazokutana nazo sana:

VID_534D na PID_2109: chipu ya MacroSilicon MS2109. Hivi ndivyo vikadi vidogo vya HDMI vinavyofanana na flashi, na boksi limeandikwa 4K. Vinafuata kanuni ya UVC, yaani Windows inavitambua kwa dereva yake yenyewe. Hakuna dereva ya kupakua. Narudia: hakuna. Mtu akikuuzia CD yake, mrudishie.

VID_05E1 na PID_0408: STK1160, moja ya zile zinazoitwa EasyCap zenye waya za njano, nyekundu na nyeupe.

VID_1B71 na PID_3002: UTV007, nayo inauzwa kwa jina la EasyCap. Ganda lile lile, utumbo tofauti, dereva tofauti. Ndiyo maana rafiki yako alikupa dereva "ya EasyCap" ikakataa.

VID_EB1A: chipu za eMPIA.

Kama kadi yako ni ya UVC na haionekani hata kidogo kwenye Device Manager, tatizo ni waya, tundu au kadi yenyewe. Windows 11 haina kosa hapo. Ijaribu kwenye kompyuta ya jirani.

HATUA YA 5. Soma namba ya kosa kwenye kichupo cha General. Code 28: dereva haijasakinishwa. Code 52: dereva haina saini ya kidijitali inayokubalika. Code 39: dereva imeharibika, haipo, au imezuiwa kupakiwa (nenda hatua ya 7). Code 10: kadi imeshindwa kuanza, mara nyingi ni dereva isiyo yake, au umeme haumtoshi mgeni wako kwenye tundu hilo.

HATUA YA 6. Dereva ya zamani. Hapa polepole, tafadhali.

Kila video ya YouTube itakuambia "futa dereva ya zamani, weka mpya". Sawa, lakini kwa kadi za zamani hiyo "mpya" huenda haipo popote duniani. Mimi niliwahi kufuta kabla ya kunakili. CD ilikwishapotea, ukurasa wa mtengenezaji ulikwishaondolewa, na kanda za mteja zilikuwa mezani. Kwa hiyo NAKILI KWANZA. Fungua Terminal kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, utafute jina la mtengenezaji wa kadi yako kwenye orodha. Pembeni utaona jina kama oem12.inf. Tengeneza folda, tuseme D:\dereva, halafu andika:

pnputil /export-driver oem12.inf D:\dereva

Weka oem yako, si 12 yangu. Kuna watu wamenakili dereva ya printa kwa sababu walibandika mstari huu bila kusoma. Ukishaona faili ndani ya folda, iweke na kwenye flashi pia. Hapo ndipo unaruhusiwa kufuta. Kurudisha ni pnputil /add-driver D:\dereva\*.inf /install.

Ulishafuta tayari? Usilie bado. Ukiwa umehamia juu ya Windows 10 bila kufomati, folda ya C:\Windows.old bado ipo kwa siku 10. Ndani yake fuata Windows, System32, DriverStore, FileRepository. Dereva zako za zamani zimelala humo, zinakili. Katika siku hizo 10 unaweza pia kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery, "Go back". Zikipita, folda inafutwa yenyewe. Na ukiendesha Disk Cleanup ukafuta "Previous Windows installation" ili upate nafasi, umeichoma mwenyewe.

ONYO la kwanza: kama Windows 10 yako ilikuwa ya biti 32, dereva zake hazitapanda. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, na kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 64 dereva ya biti 32 haipakiwi hata uipigie magoti.

ONYO la pili: zile programu za "kusasisha dereva zote kwa mbofyo mmoja". Nimesafisha laptop za kutosha. Dereva ya kadi ya EasyCap haitoki huko, kinachotoka huko ni matangazo yanayofunguka yenyewe usiku kucha yakila bando lako.

HATUA YA 7. Memory integrity, ulinzi wa Windows dhidi ya dereva hatarishi. Fungua Windows Security, Device security, Core isolation details. Kwenye Windows 11 iliyosakinishwa upya swichi hii mara nyingi imewashwa, nayo inakataa dereva zilizoandikwa kizamani. Bofya "Review incompatible drivers" uone kama ya kadi yako imetajwa. Ikiwa imetajwa, una njia mbili: upate dereva mpya zaidi, au uizime swichi. Kuizima kunafungua mlango ambao Microsoft waliufunga kwa sababu. Kwenye mashine ya kunasa kanda tu, isiyo na intaneti, mimi naizima bila wasiwasi. Kwenye laptop unayoingilia benki, sithubutu.

HATUA YA 8. Funga programu nyingine zote zinazotumia kamera (Zoom, Teams, hata ile Camera ya Windows), kisha kwenye OBS futa chanzo cha zamani uongeze kipya. Baada ya kuhama, OBS inaweza kuwa bado inaita kifaa kwa kitambulisho cha zamani.

Basi. Maswali yaje hapa chini, si kwa simu.

——— MASWALI ———

boda_media: Kaka hata yangu haionekani naomba msaada haraka nina kazi Jumamosi

MWANDISHI: Haionekani wapi? OBS au Device Manager? Leta VID na PID.

boda_media: Ni ile nyeusi imeandikwa 4K

MWANDISHI: Rangi si namba. Hatua ya 4.

mwana_arua: Somo zuri sana mkuu. Nina swali: kikadi changu ni hicho cha 534D. Kinaonekana vizuri, ila nikichagua 1080 kwenye OBS picha inakwenda kwa kurukaruka kama slaidi. Kwenye Windows 10 haikuwa hivyo. Nataka kuelewa sababu, si dawa tu.

MWANDISHI: Swali kama hili nalipenda. Piga hesabu nami. Picha moja ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa, muundo wa YUY2, inachukua baiti 2 kwa kila nukta, yaani kama megabaiti 4.1. Kwa fremu 30 ni megabaiti 124 hivi kila sekunde. USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480, ambazo ni megabaiti 60 kwenye karatasi, na kwa kweli hupati hata hizo. MS2109 ni ya USB 2.0. Ndiyo maana kwenye YUY2 kwa 1080 inakupa fremu 5 tu, hizo slaidi zako. Dawa: kwenye OBS fungua Properties za chanzo, Resolution/FPS Type weka Custom, kisha Video Format chagua MJPEG. Hapo picha inabanwa ndani ya kadi kabla ya kusafiri, unapata 1080 kwa fremu 30. Windows 10 mpangilio wako ulikuwa MJPEG, ulipoongeza chanzo upya OBS ikachagua yenyewe.

Na ile 4K ya kwenye boksi ina maana kadi inakubali kupokea 4K kutoka kwenye kamera. Inachotoa kwenda kwenye kompyuta ni 1080.

mwana_arua: Nimeona! Inateleza sasa. Kwa hiyo fremu 60 nisiote?

MWANDISHI: Kwa 720 inawezekana. Kwa 1080 tafuta kadi ya USB 3.0.

studio_ya_jinja: Huku YouTube jamaa anasema dawa ni kuzima Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka) na kuwasha testsigning (hali ya kukubali dereva za majaribio), dereva yoyote inaingia. Kwa nini unazungusha watu na hatua nane?

MWANDISHI: Kwa sababu ukifanya hivyo, "dereva yoyote" inaingia kweli, pamoja na ya mwizi. Na kadi ya UVC haihitaji hata moja kati ya hayo, kwa hiyo utakuwa umevunja ukuta kutafuta funguo zilizoko mfukoni. Jaribu hatua ya 3 kwanza, ni dakika moja.

studio_ya_jinja: Sawa, ila bado nasema mnatisha watu bure.

MWANDISHI: Laptop ni yako, ssebo (bwana).

dada_wa_kwaya: Shikamoo fundi. Sisi kanisani tunatumia kadi ya Blackmagic iliyo ndani ya kompyuta. Baada ya kuhama tumeweka Desktop Video mpya (programu ya Blackmagic yenye dereva zake), kadi inaonekana, dereva haina kosa, lakini skrini ni nyeusi tii. Kamera ni nzima, nimeichomeka kwenye televisheni.

MWANDISHI: Marahaba dada. Umepima vizuri, umenipunguzia kazi. Kadi hizo mara nyingi zinataka uziambie hasa nini kinaingia. Kamera za soko letu nyingi zimewekwa mfumo wa video wa PAL, kwa hiyo yako inaweza kuwa inatoa 1080i50, na OBS baada ya kuhama imebaki 1080p60. Fungua Properties za chanzo cha Blackmagic, Mode chagua 1080i kwa 50, uone. Ikikubali, weka na OBS yenyewe kwenye fremu 25 au 50 ili mwendo wa waimbaji usikatekate. Kisha washa Deinterlacing, la sivyo mikono ikipunga utaona vimistari.

dada_wa_kwaya: Ni 1080i50 kweli! Picha imekuja. Mungu akubariki.

boda_media: VID_534D&PID_2109. Na swichi ya desktop apps ilikuwa imezimwa. Imewaka.

MWANDISHI: Vizuri. Jumamosi njema.

kibanda_gulu: Mkuu, mimi namsaidia VJ wetu (msimulizi wa filamu kwa lugha ya kwetu) kutafsiri filamu. Dekoda ikipita kwenye kadi inatoa nyeusi, lakini laptop nyingine ikipita inatoa picha. Ni Windows 11?

MWANDISHI: Hapana. Hiyo ni HDCP, kufuli ambalo dekoda inaliweka kwenye HDMI ili isinaswe. Windows yoyote utapata nyeusi. Na usiniulize namna ya kulifungua, hapa si mahali pake. Kwa wenye PlayStation 4 au 5, kufuli hilo linazimwa kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, na hapo unanasa mchezo wako bila shida.

kibanda_gulu: Nimekusoma.

mzee_wa_bombo: Kijana, mimi ni yule uliyemtaja hapo juu, nadhani. Kadi ni 05E1, 0408. Nilinakili dereva kama ulivyoelekeza, ikakataa, Code 39. Nimezima hiyo memory integrity, sasa picha inakuja lakini haina rangi. Kanda ni za harusi ya dada yangu, nguo za maharusi nazikumbuka, hazikuwa za kijivu.

MWANDISHI: Mzee wangu, shikamoo. Umefika mbali kuliko vijana wengi hapa. Rangi imepotea kwa sababu dereva imejirudisha kwenye NTSC, mfumo wa Marekani. Kanda za kwetu ni PAL. Kwenye OBS bofya "Configure Video", kitafunguka kidirisha cha dereva, tafuta Video Standard, uweke PAL_B. Picha iwe 720 kwa 576, fremu 25. Laptop hiyo itenge kwa kanda tu, usiingie nayo intaneti wakati swichi imezimwa. Kazi ikiisha, iwashe tena.

mzee_wa_bombo: Rangi imerudi. Sasa kanda moja ina kitu cheupe kama unga ndani, niiweke?

MWANDISHI: Usiiweke! Hiyo ni kuvu, unyevu wa huku unaipenda kanda iliyofungiwa kabatini. Ukiicheza, unga unabaki kwenye kichwa cha deki na kuchafua kila kanda itakayofuata, na kanda yenyewe inaweza kukatika. Itenge na nyingine kabisa, mbali, mpaka upate mtu wa kuisafisha.

mwana_arua: Nikiingilia hapo: kama dereva ya 05E1 ikikataa kabisa Windows 11, hakuna njia?

MWANDISHI: Ipo. Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows. Dereva za STK1160 na za ile UTV007 zimo ndani ya kerneli yake siku nyingi. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi bila kugusa Windows, chomeka kadi, fungua OBS au VLC. Hakuna cha saini wala cha biti 32. Kadi kadhaa ambazo watu walishazitangaza marehemu zimeamkia huko.

mwana_arua: Na ambaye bado yuko Windows 10, akae tu?

MWANDISHI: Microsoft wanatoa masasisho ya usalama ya nyongeza mpaka 13 Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe ndani ya Windows Update. Mwenye kanda nyingi na kadi kongwe, amalize kunasa kwanza, ahame baadaye.

picha_mbale: Mimi ni wa Mac, nina kanda za MiniDV na waya wa FireWire. Natakiwa kuhamia macOS Tahoe.

MWANDISHI: Usihame. Tahoe imeondoa FireWire. Baki kwenye toleo ulilonalo mpaka kanda ziishe, na uandae diski: DV ni kama gigabaiti 13 kwa saa moja.

boda_media: Swali la mwisho kaka, la pembeni. Jana nilikuwa nanasa, umeme ukakatika, faili ya saa nzima haifunguki. Ni kadi?

MWANDISHI: Ulirekodi kwa MP4 ya kawaida?

boda_media: Ndiyo.

MWANDISHI: Basi ndiyo sababu. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, umeme ukikatika katikati faili haina kichwa wala mguu. Kwenye OBS nenda Settings, Output, Recording Format, weka MKV. Umeme ukikatika unabaki na kila kilichorekodiwa mpaka dakika ile. Ukitaka MP4 ya kumpa mteja, baadaye nenda File, Remux Recordings, inageuza bila kupoteza ubora.

boda_media: Na ile ya jana?

MWANDISHI: Kanda bado unayo?

boda_media: Ninayo.

MWANDISHI: Irudishe mwanzo, unase upya.